Omena Hakuskia Simu

Nyau wangu anaitwa Omena. Nilimuokota Gikomba, kando ya soko ya samaki, akiwa mdogo wa kutoshea kwa kofia. Mwaka jana akawa mathe. Alizalia kejani, kwa boksi ya viatu, watoi wanne. Walipokomaa nikawagawia mabeshte, mmoja mmoja.

Wiki mbili baadaye beshte mmoja akanitumia vidio ya vinyau vikilia. Nikaongeza sauti hadi mwisho, nikidhani itambamba. Manze! Omena aliruka kutoka kwa sofa, masikio yamesimama, akaenda moja kwa moja kwa ile kona ya boksi. Wapi. Akacheki chini ya kitanda, nyuma ya mtungi wa gesi, ndani ya karai. Nilikuwa nishazima simu kitambo lakini bado alikuwa anazunguka, anaita na ile sauti ya chini alikuwa anatumia akiwanyonyesha. Alidoze saa nane usiku. Mimi sikudoze.

Kuna wasee wa Hannover, Ujerumani, walifanya hii kitu kwa maabara. Utafiti wao ulitoka 2016. Walichezea paka wakubwa rekodi za watoi wakilia: zingine kilio cha kawaida, zingine za mtoi ako kwa ngori. Majike waligeuka chapchap zaidi wakiskia ile ya ngori. Madume waligeukia zote sawa. Kumaanisha rekodi inapenya, tena inapenya vibaya. Omena hakuskia simu. Aliskia mtoi wake, akaenda kumtafuta, na mtoi hakuwepo.

Paka akiskia mlio wa mwenzake anataka pia harufu, anataka kuona mwili. Spika haina harufu. Ukimchezea nyau wazima wakizozana ndio utaona mkia umefura ama amehepa chini ya kitanda, juu kwa kichwa yake kuna mgeni ameingia kejani na haonekani. Kumchezea hizo sauti si kubonga naye. Ni kumtia wasiwasi kwake mwenyewe.

Alafu cheki hii. Ile "nyauu" yenyewe, paka wazima hawabongi nayo sana wao kwa wao. Watoi wanamuitia mathe yao. Wakikua, wakikutana mtaani, wanatumia mkia, masikio, harufu, na zile kelele za kupigana. "Nyauu" wanatuwekea sisi. 2009, Karen McComb wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, na wenzake walionyesha kwamba paka wengine wakitaka dishi huficha kilio ndani ya ule mkoromo wao, kilio kinakaribia cha mtoto wa binadamu. Hata wasee hawajai fuga paka waliskia kuna haraka hapo ndani. Ndio maana asubuhi unarauka tu, hata kama umechoka aje. Kila nyau anajitengenezea lugha na mtu wake. Sauti ya paka wa msee mwingine haina maneno yenu.

Programu kama MeowTalk, yenye Javier Sanchez aliunda baada ya kufanya kazi ya Alexa kule Amazon, sina noma nayo. Hiyo inaskiza nyau wako, inakuandikia inachodhani amesema, na ikikosea unairekebisha. Kuskiza hakuumizi mtu.

Lakini kitu ilinishika zaidi ilitoka Ufaransa, 2022. Charlotte de Mouzon na wenzake walichezea paka 16 rekodi za sauti za watu. Mwenye paka akitoka kwa sauti ya kubonga na watu, akaingia kwa ile ya kubembeleza nyau, paka aliamka: masikio, macho, mkia. Mgeni akifanya hivyo hivyo, paka alitulia tu. Yaani rekodi yenye ilikuwa na maana kwa paka ni ya mtu wake.

Sai namuita Omena na jina yake, chini chini, sauti ile ile kila jioni nikimwekea dishi. Akisimama mlangoni ananicheki, nafunga macho polepole. Naye anafunga. Imechukua miezi, na sai anakuja hata kama sahani iko tupu.

Kama nyau wako alizaa na watoi wakaenda, tafadhali, vidio ya vinyau vikilia ifute. Muite wewe.