Intel na AMD: Washindani Wasioweza Kuachana

Ukipakua mfumo endeshi wa Ubuntu kwa ajili ya kompyuta yenye prosesa ya Intel, jina la faili litakuwa na neno "amd64". Hujakosea. AMD ndiye mshindani mkubwa wa Intel, na jina lake limefika humo kwa njia ya mikataba.

Mwaka 1981 IBM ilitoa kompyuta yake binafsi ikiwa na prosesa ya Intel 8088. Hata hivyo, haikukubali kutegemea muuzaji mmoja, kwani akichelewa au akipandisha bei, biashara yote ingekwama. Ikadai awepo mtengenezaji wa pili wa prosesa hiyohiyo. Ndipo mwaka 1982 Intel na AMD wakasaini mkataba wa kubadilishana teknolojia. Prosesa za 80286 zilizotengenezwa na AMD zilibeba chapa ya AMD, na papo hapo zikaandikwa kuwa hakimiliki ni ya Intel.

Ubia huo ulivunjikia kwenye 80386. Intel ilipoitoa mwaka 1985, ilikataa kuwapa AMD michoro yake. Mwaka 1987 AMD wakapeleka shauri kwa msuluhishi, na huku likiendelea wahandisi wao wakabuni prosesa yao inayolingana nayo. Am386 iliingia sokoni 1991 na kufikia kasi ya megahezi 40, ilhali ya Intel iliishia 33. Desemba 1994, Mahakama ya Juu ya California iliidhinisha tuzo ya msuluhishi: AMD walipwe dola milioni 10 na riba, tena watumie hataza za Intel zilizomo ndani ya Am386 bila kulipa mrabaha.

Baadaye mwanafunzi akageuka mwalimu. Intel ilitegemea Itanium kuingia zama za biti 64, lakini prosesa hiyo iliziendesha programu za zamani kwa kusuasua. Mwaka 2003 AMD waliupanua mfumo wa Intel wa biti 32 hadi 64, programu za zamani zikaendelea kufanya kazi vizuri. Mwaka uliofuata Intel ikaufuata mfumo huo. Iliweza kufanya hivyo kwa sababu kampuni hizi zimepeana leseni za hataza. Hiyo ndiyo asili ya "amd64".

Leseni, hata hivyo, hugawa maarifa tu, haijengi kiwanda. AMD ilijitenga na viwanda vyake mwaka 2009, na sasa prosesa zake za kisasa hutengenezwa na TSMC ya Taiwan. Intel nayo, ingawa ina viwanda vyake, imeagiza sehemu za baadhi ya prosesa zake hukohuko. Hatari aliyoikwepa mnunuzi wa 1981 imerudi kwa mlango wa nyuma: majina mawili dukani, na kwa baadhi ya prosesa mtengenezaji mmoja. Wanunuzi wakubwa wa leo wana nguvu ileile aliyokuwa nayo IBM. Wadai mtengenezaji wa pili kabla ya kusaini, kwa maana baada ya uhaba kuingia, mkataba hautawasaidia.