Utambi, Koili na Ukungu: Istilahi za Kivukizi cha Kusukwa Upya

Kifaa kigeni kiingiapo nchini huja na majina yake. Lugha isipokipatia majina mapema, watumiaji hukiita kwa maneno ya kubahatisha, na maneno hayo yakikwisha kuota mizizi ni vigumu kuyang'oa. Katika makala haya tutakitazama kifaa kimoja cha namna hiyo, yaani kile kinachogeuza kimiminika chenye nikotini kuwa kitu cha kuvutwa kwa pumzi. Mfamasia Mchina, Hon Lik, ndiye anayetajwa kukibuni katika umbo la kisasa mwaka 2003. Chake cha kwanza kilitumia mitikisiko ya kasi. Matumizi ya waya wenye joto yalienea baadaye.

Vifaa hivi ni vya aina mbili. Vingine hutupwa sehemu yake ya joto ikichakaa. Vingine humruhusu mtumiaji kuondoa waya na pamba iliyochakaa na kuweka mipya kwa mkono wake. Hii aina ya pili ndiyo inayohitaji istilahi zaidi, kwa kuwa mwenye nacho ni mvutaji na fundi kwa wakati mmoja, na fundi asiyeyaelewa maelekezo anaweza kuunguza pamba, kifua chake, au betri aliyoishika mkononi.

Je, Kiswahili kinayo maneno ya kutosha? Tumchukue mkazi wa Kingolwira, kata iliyo mashariki ya mji wa Morogoro, kandokando ya barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Hata kama hajawahi kukiona kifaa hiki, anayafahamu mambo matatu yatakayotusaidia: kibatari, kazi ya fundi wa kusuka mota, na ukungu wa Milima ya Uluguru.

1. Utambi

Katika kibatari, utambi hufanya kazi mbili: huvuta mafuta kutoka chini na huwaka juu. Kwa sababu kazi ya pili ndiyo inayoonekana, wengi hudhani kwamba utambi ni kitu cha kuwaka. Katika kifaa chetu kazi ni moja tu: kuvuta. Utambi ukiungua, kifaa kimeharibika. Hata hivyo hatuoni haja ya kutafuta neno jingine. Yafaa tu maana ipanuliwe, na utambi uelezwe kuwa ni kitu chenye nyuzi au vitundu vidogo kinachopandisha kimiminika.

Uwezo huo wa kupandisha uitweje? Neno linalokuja haraka ni unyonyaji, lakini tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 neno hilo limebeba maana ya kula jasho la mwingine, na mwanafunzi atalisikia hivyo kwanza. Twapendekeza ufyonzaji, ambalo halina mzigo huo.

Kuhusu kuchagua, utambi uliotumika zaidi hapo awali ulikuwa wa nyuzi za silika. Hapa pana hatari ya kuchanganya maneno, kwani silika ni neno la siku nyingi lenye maana ya tabia ya maumbile. Kwa hiyo tusiseme "utambi wa silika" peke yake, bali "utambi wa nyuzi za silika". Siku hizi pamba ndiyo inayopendwa zaidi, nayo iwe safi, isiyotiwa rangi wala manukato.

Kiasi chake ni jambo ambalo mwenye kibatari analijua tangu utotoni. Utambi ukisongwa mno, mafuta hayapandi. Ukilegea mno, mafuta huvuja. Vivyo hivyo hapa, pamba ipite ndani ya koili kwa ugumu kidogo bila kuipinda. Kisha ilowanishwe kabla ya umeme kuwashwa. Sababu yake ni ile ile ya sufuria: madamu mna maji, chakula hakiungui. Kimiminika kinapochemka huchukua joto la waya, na joto halipandi mno. Kikikauka, waya huendelea kupata moto na pamba huungua. Hata kabla pamba haijaungua, kimiminika kilichopashwa kupita kiasi hutoa viambata vyenye madhara, miongoni mwake formaldehaidi.

2. Koili na pindi zake

Neno koili limekwisha kuzoeleka katika masomo ya fizikia, na hatuna sababu ya kulibadili. Lililokosekana ni jina la kila mzunguko mmoja wa waya. Kusema "mizunguko" kwaweza kuleta utata, kwa sababu mzunguko hutumika pia kwa njia kamili ya umeme. Kiswahili kina neno pindi, lenye maana ya mkunjo au mkunjiko. Tukisema "koili ya pindi sita", maana inaeleweka mara moja.

Kitendo chenyewe nacho kina neno lake tayari. Fundi anayeondoa waya ulioungua katika mota na kuweka mpya husemwa kuwa anasuka mota. Neno hilo halikutungwa na kamati yoyote, lilizaliwa karakanani. Basi na tuseme kusuka koili, na kifaa chenyewe tukiite kivukizi cha kusukwa upya.

Uchaguzi wa waya hutegemea ukinzani, yaani kiasi ambacho waya huuzuia mkondo wa umeme. Waya ukiwa mrefu zaidi ukinzani huongezeka. Ukiwa mnene zaidi hupungua. Unene ukizidishwa mara mbili, ukinzani hushuka hadi robo. Kwa hiyo kuongeza pindi ni kuongeza ukinzani, na kubadili unene wa waya ni kubadili hesabu yote.

Hesabu hiyo si ya kupuuzwa. Betri ya litiamu iliyojaa hutoa volti 4.2. Koili yenye ukinzani wa omu 0.5 itapitisha ampea 8.4 na kutoa wati 35 hivi. Koili ya omu 0.2 itapitisha ampea 21 na kutoa wati 88. Betri isiyoweza kustahimili mkondo huo hupata joto, na yaweza kuwaka au kupasuka. Ndiyo maana maelekezo yakisema "koili ndogo" hayatoshi. Ndogo kwa nini: kwa kipenyo, kwa idadi ya pindi, au kwa ukinzani? Koili ndogo kwa ukinzani ndiyo kubwa kwa mkondo. Istilahi legelege hapa ni hatari kwa mwili.

Nyaya zitumikazo zaidi ni mbili. Nikromu ni mchanganyiko wa nikeli na kromi, nao hupata joto upesi. Wa pili ni mchanganyiko wa chuma, kromi na alumini, ujulikanao zaidi kwa jina la kibiashara Kanthal. Kwa urefu na unene ule ule, ukinzani wake huzidi wa nikromu kwa karibu theluthi moja. Waya wa nikeli tupu au wa titani hutumika tu katika vifaa vyenye kudhibiti halijoto, wala hauchomwi hadi kuwa mwekundu.

Waya wenye joto huhitaji pia kihami, yaani kitu kisichopitisha umeme. Katika pasi za umeme kazi hiyo imefanywa kwa muda mrefu na ulanga, madini yachunikayo kama karatasi, ambayo yalichimbwa katika Milima ya Uluguru tangu utawala wa Wajerumani. Madini yalisafirishwa ng'ambo, lakini jina lake la Kiswahili tunalo, nalo lastahili kuingia katika vitabu vya ufundi.

3. Moshi, mvuke au ukungu?

Hili ndilo swali zito kuliko yote. Wauzaji hupenda kusema kwamba kitokacho katika kifaa hiki ni mvuke. Msikilizaji hukumbuka mvuke wa chungu, au ule wa kujifukiza mtu akiwa na mafua, na hudhani kwamba anavuta maji. Wapinzani nao husema ni moshi. Hilo nalo si sahihi, kwa sababu moshi hutokana na kuungua, na hapa hakitakiwi kuungua kitu.

Mkazi wa Kingolwira hahitaji kufundishwa tofauti hizi. Moshi ni wa shamba linalochomwa. Mvuke ni wa chungu kilichofunuliwa. Ukungu ni ule unaofunika Uluguru asubuhi. Ukungu ni matone madogo mno yanayoelea hewani, na kitokacho katika kifaa hiki ni hicho hasa. Kimiminika huvukizwa na koili, kisha hupoa na kuwa matone yaliyobeba propilini glaikoli, gliserini, viungo vya harufu na nikotini inayoleta uraibu, na pengine chembe za metali za koili yenyewe. Neno ukungu halitishi wala halipambi. Lasema kilichopo.

Uzito wa jambo hili waonekana pia katika sheria. Uganda, kwa Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya mwaka 2015, ilizuia sigara za kielektroniki pamoja na shisha. Sheria inayozungumzia moshi peke yake huacha mwanya. Isemayo mvuke huweza kugusa hata chungu cha dawa.

4. Istilahi zinazopendekezwa

Kivukizi: kifaa kinachogeuza kimiminika kuwa ukungu kwa joto.
Kusuka koili: kuzungusha waya na kuufunga katika kivukizi.
Pindi: mzunguko mmoja wa waya katika koili.
Utambi: kitu kinachopandisha kimiminika hadi kwenye koili.
Ufyonzaji: uwezo wa utambi kupandisha kimiminika.
Ukungu: matone madogo yatokayo katika kivukizi.
Shilamu: mdomo wa kuvutia. Neno hili ni la kiko cha zamani, chenye bori, digali na shilamu, nalo lafaa kufufuliwa.

Maneno haya saba yamepatikana bila kwenda mbali: mengine jikoni, mengine karakanani, moja katika kiko cha wazee na moja mlimani. Wasomaji, hasa walimu na mafundi, wanaombwa kuyajaribu katika kazi zao na kutoa maoni yao. Istilahi hukubalika inapotumika, na atakayeitumia hii kwanza ni yule anayetaka kujua kijana wake anavuta nini.