Rais na Mlango wa Ajira

Tarehe 28 Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya watumishi 9,932 walioghushi vyeti. Aliagiza waondoke kazini, na atakayekutwa bado ofisini baada ya 15 Mei afikishwe mahakamani. Nchi nzima ilizungumzia ukali wa agizo lile. Sisi tunaofanya kazi za rasilimali watu tulishtushwa zaidi na wepesi wa kuwabaini watu hao.

Kila cheti cha kidato cha nne kina namba ya mtihani, yaani namba ya kituo ikifuatiwa na ya mtahiniwa. Baraza la Mitihani linatunza rejista. Ukichukua namba ile pamoja na mwaka, unaona jina, shule na daraja. Muhuri wa kughushi unaweza kupendeza kuliko ule halali, lakini rejista haitalitambua jina. Vyeti vingine 1,538 vilikuwa halali kabisa, ila kila kimoja kilitumiwa na zaidi ya mtumishi mmoja. Afisa utumishi yeyote angeweza kuuliza hayo kabla ya kumpa mtu barua ya ajira. Hakuuliza, pengine kwa uvivu, pengine kwa sababu faili lilikuja na kimemo cha mkubwa.

Ndiyo maana naipa uzito mkubwa kazi iliyofanyika bila vigelegele enzi za Rais Jakaya Kikwete. Marekebisho ya Sheria ya Utumishi wa Umma ya mwaka 2007 yaliunda Sekretarieti ya Ajira. Nafasi zinatangazwa hadharani, usaili unasimamiwa na watu wasio mabosi wa kesho wa mwombaji, na aliyefaulu akakosa nafasi anawekwa kwenye kanzidata ili aitwe baadaye. Rais anayekubali utaratibu huo anawapunguzia wakubwa walio chini yake nguvu ya kugawa kazi, na hilo ni gumu kuliko kufukuza.

Fagio la 2017 lilikuwa la lazima, lakini liliumiza hata wasiohusika. Watumishi wenye elimu ya darasa la saba walioajiriwa baada ya 20 Mei 2004 waliondolewa, wakiwemo ambao hawakughushi chochote. Serikali ikawarejesha 2018. Walioghushi nao walibaki mikono mitupu mpaka 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipoagiza warudishiwe michango waliyokatwa kwenye mishahara yao. Mambo hayo yalistahili kuamuliwa kabla ya majina kusomwa.

Jambo moja bado linanikera. Wateule wa kisiasa, wakiwemo wakuu wa wilaya, hawakuhakikiwa, kwa hoja kwamba sifa yao ni kujua kusoma na kuandika. Muuguzi wa zahanati alipimwa kwa rejista. Aliyekuwa akimsimamia wilayani hakuguswa. Rais ndiye aliyewateua, na neno lake moja lingetosha kuwaingiza kwenye uhakiki uleule.