Tumaini ndilo mlango wa ushauri nasaha

MAPIGANO ya Wapokomo na Waorma yaliyozuka Agosti 2012 katika eneobunge la Garsen, Tana River, yaliua zaidi ya watu 100 na kuwafukuza maelfu makwao. Vijiji kama Riketa na Chamwanamuma vilibaki na mayatima na wajane.

Jeraha la moyo halionekani, na aliyekata tamaa haendi kwa mshauri nasaha, kwani haamini kuwa kesho yaweza kutofautiana na jana. Jerome Frank, daktari wa akili wa Marekani, alieleza katika kitabu chake cha 1961 kuwa tumaini lenyewe ni sehemu ya tiba.

Ndiposa jirani anayemsindikiza mfiwa hadi kwa mshauri huwa tayari ameanza kumtibu.