Kutoka Ikulu ya Mtemi hadi Kata ya Manispaa: Habari za Unyanyembe

Mtu atokaye Ngokolo kwenda Ibadakuli hutoka kata moja ya Manispaa ya Shinyanga na kuingia kata nyingine, wala hakuna kibao kimwambiacho kwamba amefika makao ya watemi wa Usiha. Hapo ndipo alipotawala Chifu Makwaia, na baada yake mwanawe Kidaha Makwaia, ambaye mwaka 1945 aliteuliwa pamoja na Abdiel Shangali wa Machame kuwa Waafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Leo yuko afisa mtendaji wa kata. Twajiuliza: makao ya mtemi yanapogeuka kuwa kata ya mji, ni nini kinachorithiwa, na nani akirithicho?

Ili kulijibu swali hili hatuna budi kushuka kusini, kwa njia ya reli ile iliyounganisha Tabora na Mwanza mwaka 1928, hadi Unyanyembe. Habari za Unyanyembe zimeandikwa kwa kirefu kuliko za Usiha, na wageni walioziandika walianza zaidi ya miaka 160 iliyopita.

Kwanza neno lenyewe. Kwa Wanyamwezi na Wasukuma, ikulu ni boma la mtemi. Taifa zima limelichukua neno hilo na kuliweka juu ya makao ya Rais, nasi twalitamka kila siku bila kukumbuka kwamba lilitoka katika tembe za nchi hii. Ikulu haikuwa nyumba ya kuishi tu. Hapo kesi ziliamuliwa, hapo wanyampara walikutana, na hapo mtemi alitimiza wajibu uliokuwa mzito kuliko hukumu zote: kuhakikisha mvua inanyesha, mbegu inabarikiwa kabla ya kupandwa, na makaburi ya watemi waliotangulia yanaheshimiwa. Mtemi alikuwa mtawala na kuhani kwa pamoja. Atakayelisahau jambo hili hataielewa historia inayofuata.

Burton na Speke walipofika Kaze mwezi Novemba 1857, waliwakuta wafanyabiashara Waarabu wamekwisha kujenga katika nchi ya Mtemi Fundikira. Mji wa Tabora ulikua hivyo, kama mji wa wageni ndani ya nchi ya mwenyeji: Waarabu wa Oman na wa pwani, wapagazi, waungwana, na watu waliotekwa Manyema na kwingineko. Mtemi alikuwa ikuluni kwake, nao walikuwa katika tembe zao. Kwa muda mambo yalikwenda, kwa kuwa kila upande ulimhitaji mwenzake.

Fundikira alipofariki, Mnywa Sele aliyemrithi alidai ushuru wa bidhaa. Waarabu walikataa, vita vikazuka, na wakamsimika Mkasiwa mahali pake. Speke, aliyerudi pamoja na Grant mwaka 1861, alijaribu kupatanisha akashindwa. Mnywa Sele aliendelea kupigana porini mpaka alipouawa mwaka 1865. Kwa maoni yetu, hapo ndipo Unyanyembe ilipoanza kuwa mtaa wa Tabora, hata kabla Mjerumani yeyote hajafika: mji ulikuwa umekwisha kumchagua mtemi, badala ya mtemi kuuruhusu mji. Vitabu vingi huanza hesabu katika mwaka 1893. Twaona wamechelewa.

Mwezi Agosti 1871 Mirambo aliushambulia mji na kuchoma sehemu yake, huku Stanley akiwa jirani, Kwihara. Mwaka uliofuata Livingstone alikaa huko huko Kwihara miezi kadhaa akingoja wapagazi, na mwaka 1873 Chuma na Susi walipita na mwili wake wakielekea pwani. Haya wasomaji wetu wanayajua.

Isike, aliyeshika utemi mwaka 1876, alijaribu kuurudisha uzito upande wa ikulu. Bendera ya Ujerumani ilipandishwa Tabora mwaka 1890, naye hakuikubali. Mwaka 1892 ngome yake ilistahimili mashambulio ya Wajerumani, lakini Januari 1893 von Prince aliivunja. Isike aliiwasha baruti yake mwenyewe asikamatwe hai. Tangu siku ile watemi wa Unyanyembe walikalia kiti kwa idhini ya serikali. Waingereza, chini ya Gavana Cameron, waliitengeneza idhini hiyo kuwa sheria mwaka 1926, wakamfanya mtemi kuwa mtumishi mwenye mshahara, mahakama na hazina. Watoto wa watemi walipelekwa Shule ya Tabora iliyofunguliwa mwaka 1925. Ukuhani wa mtemi haukuwa na fungu katika hazina ile.

Mtemi wa mwisho kutambuliwa na sheria alikuwa Abdallah Fundikira, msomi wa Makerere, aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza ya uhuru. Mwaka 1963 sheria ya machifu ilifutwa, na mwaka huo huo alijiuzulu uwaziri. Mabaraza ya miji nayo yaliondolewa mwanzoni mwa miaka ya 1970, yakarudishwa mwaka 1978, na Sheria Na. 8 ya mwaka 1982 ikayapa sura tuijuayo. Itetemia, palipo na ikulu ya ukoo wa Fundikira, ni kata ya Manispaa ya Tabora, sawa na Ipuli, Cheyo na Kanyenye.

Hapa mfano wa mbali wafaa. Azcapotzalco, katika bonde la Mexico, ulikuwa mji-dola wenye nguvu wa watu wa lugha ya Kinahuatl, mpaka ulipopinduliwa na jirani zake mwaka 1428. Leo ni mojawapo ya wilaya 16 za Jiji la Mexico. Watawa Wadominiko walipokuja baada ya ushindi wa Wahispania, walijenga kanisa pale pale katikati ya mji wa kale, na mitaa ya zamani ikapewa watakatifu na sikukuu zake. Tusilisifu jambo lililofuata upanga. Lakini parokia iliirithi mitaa ile pamoja na kalenda yake.

Unyanyembe mambo yalikwenda kinyume. CMS walikaa Uyui mwishoni mwa miaka ya 1870, Mapadre Weupe walikaa Kipalapala, na Wamoravian walianzia Urambo mwaka 1898 katika kituo kilichoachwa na London Missionary Society. Kanisa lilijenga mbali na ikulu, na mji wenyewe ulikuwa wa Kiislamu kwa sehemu kubwa. Manispaa imerithi majina na mipaka. Wajibu wa kikuhani haukurithiwa na halmashauri, wala Kanisa halikuulizwa kama linautaka.

Mchungaji aliyewekwa katika kata za namna hii, Tabora au kwetu Shinyanga, hukutana na jambo hili mvua za Novemba zinapochelewa. Mtendaji wa kata hatarajiwi kuwa na neno juu ya mvua. Wazee humjia mchungaji. Akiwaambia tu kwamba hayo ni mambo ya kipagani, amewajibu kama mgeni wa Kaze. Akikubali bila kupima, amekalia kiti asichosimikwa. Katikati ya hayo mawili kuna kazi ya kitheolojia ambayo vitabu vyetu vya uchungaji havijaifanya, nayo yahitaji kwanza kujua mtemi alisema nini, wapi, na mbele ya nani. Aliyekuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1963 amekwisha kupita 80. Wanafunzi waendao mazoezini Itetemia na Ibadakuli wachukue daftari.