Kiangazi chabisha hodi kwa wafugaji wa Boran

MSIMU wa masika unaelekea ukingoni, na kwa mwenye kufuga ng'ombe wa mbegu huu ni wakati wa kushika daftari kuliko fimbo. Wengi wanaosoma ukurasa huu hufuatilia bei za Pugu, Kizota na Weruweru wiki hadi wiki. Bei ya dume la mbegu, hata hivyo, huanza kutengenezwa zaidi ya mwaka mmoja kabla halijafikishwa kwa mnunuzi, na makosa yanayoishusha hufanyika zaidi katika miezi hii.

Tuchukue ng'ombe aina ya Boran, kwa kuwa ndiye anayetafutwa zaidi na wawekezaji wadogo wanaotaka nyama. Asili yake ni kwa Waborana wa kusini mwa Ethiopia na kaskazini mwa Kenya. Walowezi wenye ranchi nchini Kenya walimchagua na kumboresha kwa miongo kadhaa, na mwaka 1951 wakaanzisha chama cha wafugaji wake. Kwa upande wa Tanzania, Boran wamefugwa kwa miaka mingi katika ranchi za NARCO, ikiwemo ile ya Kongwa. Soko lake si dogo: mwaka 1994 viinitete kutoka Kenya vilipelekwa Afrika Kusini, na miaka tisa baadaye wafugaji wa huko nao wakawa na chama chao cha Boran.

Kinachomtofautisha mwanachama wa chama cha namna hii na mfugaji mwingine ni karatasi. Dume mwenye cheti cha nasaba, baba na mama wakijulikana kwa namba, huuzwa kama mbegu. Dume wa umbo lile lile asiye na cheti huuzwa kwa mzani, kama nyama. Tofauti ya bei kati ya hao wawili ndiyo faida yote ya biashara hii. Kwa hiyo anayezembea kuandika hasara yake ni ya fedha taslimu, tena kubwa kuliko ya kupe.

Sasa tuangalie kalenda. Mimba ya ng'ombe wa Boran huchukua wastani wa siku 285 hivi. Katika kanda ya kati, ambako mvua ni za msimu mmoja kuanzia Desemba hadi Aprili, mfugaji anayetaka ndama wazaliwe nyasi zikiwa mbichi huingiza dume tarehe 1 Machi na kumtoa tarehe 31 Mei. Ndama wa kwanza wataanguka karibu na tarehe 11 Desemba na wa mwisho katikati ya Machi. Kaskazini kwenye vuli na masika hesabu hubadilika, lakini kanuni ni ile ile: hesabu kurudi nyuma kutoka kwenye nyasi.

Kwa hiyo kumbusho la kwanza ni kumtoa dume mwisho wa Mei. Wafugaji wengi hawamtoi. Humwacha mwaka mzima kwa kudhani wanapata ndama wengi, kumbe wanapata ndama wa Julai na Agosti ambao mama zao hawana maziwa. Ubaya zaidi ni boma lenye madume mawili. Hapo hakuna anayeweza kuapa baba wa ndama ni nani, na ndama asiyejulikana baba haandikishwi. Dume mmoja aliyekomaa anatosha majike 25 hadi 30. Akiwa kijana mpunguzie hadi 15 au 20. Ukiwa na madume wawili, gawa kundi na uweke uzio kati yao.

Ndama waliozaliwa tangu Desemba nao wasisubiri. Kila mmoja awe na hereni au alama ya kudumu, tarehe ya kuzaliwa, namba ya mama na namba ya baba, na taarifa ipelekwe kwenye chama ndani ya muda uliowekwa. Mchungaji anayekumbuka kila ndama kwa rangi ni hazina, lakini siku akiacha kazi anaondoka na daftari lako kichwani.

Mwezi wa Agosti ndio wa kuamua nani abaki. Ndama wa Desemba wanakuwa na miezi minane na wanafaa kuachishwa ziwa, ili mama aingie kwenye ukame akiwa na mwili. Mwezi huo huo mwite daktari wa mifugo apime mimba, maana zaidi ya siku 60 zimepita tangu dume atoke. Jike asiye na mimba auzwe mara moja, kabla hajakonda. Hesabu yake ni hii: ng'ombe wa kilo 350 hula takriban kilo tisa za majani makavu kwa siku. Kwa siku 120, kuanzia Agosti hadi mvua, ni kilo 1,080, yaani marobota 72 ya kilo 15 kama hana malisho mengine. Zidisha kwa bei ya robota la kwenu, kisha uliza jike huyo atakulipa nini. Hana ndama, na kila siku anapungua uzito.

Wanaokumbuka ukame wa 2008/09 huko Longido, Monduli na ng'ambo ya mpaka Kajiado hawahitaji kushawishiwa. Waliouza mapema walibaki na fedha ya kununua tena. Waliosubiri bei ipande walikuta minada imejaa ng'ombe waliokonda kama wao, na baadaye wakauza ngozi.

Majani ya kukausha yakatwe sasa, nyasi zinapoanza kutoa maua. Ukichelewa hadi mbegu zikauke unafunga robota la vijiti. Mashudu ya pamba hupatikana zaidi viwanda vya kuchambua vinapoanza kazi baada ya msimu wa ununuzi kufunguliwa; mwenye ghala na fedha kidogo anunue hapo, asingoje Oktoba.

Kuhusu magonjwa, tahadhari kubwa kwa mnunuzi mgeni ni ndigana kali. Boran aliyekulia kwenye ranchi yenye josho la kila wiki hana kinga. Ukimpeleka kwenye malisho yenye kupe wa masikio anaweza kufa kabla hujamaliza kulipa mkopo. Chanjo ipo. Huchomwa mara moja pamoja na dawa ya oksitetrasaiklini na kinga yake hudumu kwa miaka mingi, lakini mnyama lazima achanjwe kabla ya kukutana na kupe hao. Josho nalo lisisimamishwe kwa sababu mvua imekatika, kwani kupe wachanga huendelea kueneza ugonjwa wakati wa kiangazi.

Chanjo ya miguu na midomo hurudiwa kila miezi sita hivi. Kwa Homa ya Bonde la Ufa, iliyolipuka baada ya mvua kubwa za 1997/98 na 2006/07, chanjo ya zamani iliyo hai inaweza kumtoa jike mimba, kwa hiyo muulize daktari ni aina gani kabla hajafungua kichupa. Kabla ya kununua dume, dai apimwe ugonjwa wa kutupa mimba, na ikiwezekana chukua ambaye hajawahi kupanda. Dume mzoefu wa bei poa mara nyingi huja na magonjwa ya uzazi ya boma alikotoka.

Jambo la mwisho ni vibali. Ng'ombe hasafirishwi bila kibali cha mifugo, na karantini ikitangazwa mnada hufungwa hata kama umeshalipia lori. Anayenunua Kenya anahitaji kibali cha kuingiza kutoka kwa Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo wa Tanzania pamoja na cheti cha afya cha huko anakonunua, vyote mkononi kabla ya kufika Namanga. Mwaka 2017 Serikali ya Tanzania ilikamata na kupiga mnada ng'ombe 1,325 walioingia kutoka Kenya. Asiye na muda wa mambo ya mpakani anaweza kuanza na majike ya kienyeji aliyonayo na kununua mbegu za uhimilishaji kutoka kituo cha taifa cha Usa River, Arusha. Njia hii ni ya polepole, ila mtaji wake ni mdogo na dume halali zizini kwako kula marobota.