Upana wa Kisanduku: Misukosuko Midogo ya Hewa katika Modeli za Utabiri

Modeli ya hali ya hewa huigawa anga katika visanduku, na kila kisanduku hupewa thamani moja ya joto, ya unyevu na ya upepo. Misukosuko iliyo midogo kuliko kisanduku haionekani kwa modeli, ilhali ndiyo inayopandisha joto na unyevu kutoka ardhini. Kwa hiyo athari yake hukadiriwa kwa kanuni za wastani. Makala haya yanahusu mahali ambapo kanuni hizo hupoteza msingi wake.

Mchana wa jua kali, tabaka la hewa linalogusana na ardhi huweza kufikia kina cha kilomita 1 hadi 2, na mizunguko yake mikubwa hukaribia kipimo hicho. Kisanduku cha kilomita 10 hubeba mizunguko mingi kwa pamoja, hivyo wastani wake una maana. Katika visanduku vya mita 50, modeli huiona mizunguko mikubwa yenyewe. Shida imo katikati, hasa karibu na kilomita 1, ambapo mzunguko huonekana kwa sehemu tu. Kanuni ya zamani ikiachwa ifanye kazi yote, huweza kuizima mizunguko ambayo modeli ingeizalisha, au kazi ileile ikahesabiwa mara mbili. Ikiondolewa, joto hulundikana karibu na ardhi, kisha modeli huzua mizunguko mikubwa kupita kiasi, tena kwa kuchelewa. Mwaka 2004 John Wyngaard aliuita ukanda huu, kwa Kilatini, *terra incognita*, yaani nchi isiyojulikana.

Wengine huuita kwa rangi ya kijivu. Katika Kiswahili rangi hiyo haidokezi hali ya kuwa baina ya mambo mawili; napendekeza “ukanda wa utata”. Tujihadhari pia na “azimio”: mtu akisoma “azimio la kilomita 1” atawaza mkutano wa wajumbe. “Upana wa kisanduku” unatosha.

Istilahi hizi zina uzito katika bajeti. Kupunguza upana kwa nusu huzidisha idadi ya visanduku mara nne na hulazimu hatua za muda zipunguzwe kwa nusu, hivyo gharama ya ukokotoaji hukaribia mara nane. Kwa Ziwa Viktoria, ambako dhoruba za usiku huhatarisha wavuvi, visanduku vya kilomita 10 au zaidi ni vikubwa mno. Modeli ya CP4-Africa, iliyoelezwa mwaka 2018, ilitumia takribani kilomita 4.5 kwa bara zima. Hatua inayofuata kimantiki ni kilomita 1, yaani ndani ya ukanda wa utata wenyewe.

Zipo kanuni zinazojirekebisha. Ile ya Met Office ya Uingereza, iliyochapishwa mwaka 2014, huchanganya njia mbili za ukadiriaji kwa kulinganisha upana wa kisanduku na kina cha tabaka la chini. Mshauri anayeletewa pendekezo la modeli yenye visanduku vidogo zaidi aulize kwanza iwapo kanuni yake ya misukosuko inautambua upana huo, au imerithiwa kama ilivyo kutoka modeli ya kilomita 10.